Fedha za Wenyewe Zilalazo Maofisini

Liwatoni, pale ukingoni mwa kisiwa cha Mombasa upande wa Kilindini, ni mahali pa watu watafutao riziki ya siku kwa siku: wapakuao samaki, mafundi wa boti, wachukuzi, walinzi wa maghala, na vijana wavukao alfajiri kutoka Likoni na Mtongwe kuja kungoja nani ataitwa. Wengi wao wamefanya kazi miaka mingi, na katika miaka hiyo wamestahiki fedha ambazo hawakuzidai kamwe. Makusudio ya makala haya ni kueleza fedha hizo ni zipi na kwa sababu gani hulala, na hususan kwa nini hupotea katika saa ile ile mtu anapotoka hali moja kuingia nyingine, yaani anapotoka katika ukosefu wa kazi akashika kibarua, au katika kibarua akapata ajira, au anapoumia akarudi nyumbani.

Jambo hili lina asili ya zamani. Bandari ya Kilindini ilikuzwa kwa kazi ya kutwa, nayo kazi ya kutwa haiachi athari katika madaftari. Mtu huitwa asubuhi, hulipwa jioni, na kesho yake hajulikani. Wafanyakazi wa Mombasa walipogoma kwa umoja wao mnamo Januari 1947, katika mgomo uliomtoa Chege Kibachia kuwa kiongozi wao, kilio chao kikubwa kilikuwa ujira usiolingana na gharama za maisha mjini. Serikali ya uhuru ilipounda Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii mwaka 1965, huu tuujuao kwa jina la NSSF, iliujenga juu ya dhana kwamba kila mfanyakazi ana mwajiri, na kwamba mwajiri huyo ana daftari. Kwa karani wa benki dhana hiyo ilikuwa sahihi, ama kwa mpakuaji wa samaki haikuwa, na tangu hapo pengo hilo halijazibwa sawasawa.

Hata hivyo sheria haikumsahau kibarua kama wengi wanavyodhani. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kwamba aliyeajiriwa kwa kutwa, akifanya kazi siku zinazofuatana ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyotazamiwa kumalizika kabla ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa ana mkataba wa mshahara wa mwezi, ijapokuwa hapana karatasi yoyote iliyotiwa sahihi. Hapo ndipo haki nyingine zinapomfuata: apewe ilani kabla ya kuachishwa, akatiwe michango ya NSSF, na iwapo hakuwa mwanachama wa mfuko wowote, apewe malipo ya utumishi kwa miaka aliyotumika, na akiondolewa kwa kuwa kazi imepungua, astahiki fidia isiyopungua ujira wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Lakini madai ya namna hii yana muda, nao ni miaka mitatu, na anayetoka kazi moja kwa furaha ya kupata nyingine aghalabu hageuki nyuma kuuliza alichokiacha. Ushahidi ambao ungemsaidia, kama vile ujumbe wa malipo katika simu, pasi ya kuingilia langoni, na majina ya wenziwe wa zamu, hufutika mapema kuliko muda huo. Nasema kwa yakini, madhali nimeyaona madai mengi, kwamba mtu aliyehifadhi ujumbe wa malipo wa mwaka mmoja amejifanyia hisani kubwa kuliko aliyehifadhi barua kumi za kuombea kazi.

Katika NSSF kwenyewe fedha hulala kwa njia mbili. Ya kwanza ni mwajiri kukata mchango asiupeleke, kosa ambalo mfanyakazi anaweza kulijua siku yoyote kwa kuomba taarifa ya akaunti yake, asingoje kufikisha miaka 60 ya kustaafu, au 50 kwa atakaye kuchukua mapema. Ya pili ni ngumu zaidi, nayo ni majina. Mtu wa pwani huandikwa kwa jina lake, la babake na la babuye, na kila karani akaliandika kwa masikio yake. Huyu ni Mohamed katika kitambulisho, Muhammad katika kitabu cha mwajiri, na Mohammed katika cheti cha ndoa. Akiwa hai atalisahihisha kwa hati ya kiapo na subira. Akifa, mjane huja na cheti cha kifo, barua ya chifu na cheti cha nikaha, akaambiwa kwamba marehemu wake na mwanachama wa mfuko ni watu wawili. Kabla ya Februari 2023, ilipoanza kutekelezwa sheria ya NSSF ya 2013, mchango wa mfanyakazi ulikuwa shilingi 200 tu kwa mwezi, na wapo wajane waliopima nauli na usumbufu wakaona akiba ndogo kama hiyo haistahili safari ya pili. Hawakuzembea, walihesabu, na hesabu yao ilikuwa na mantiki.

Sasa nije kwenye ajali, maana Liwatoni na ghati zote ni mahali pa kamba, barafu, winchi na sakafu zenye utelezi. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 humkinga kila aajiriwaye kwa ujira, na wala haimtupi kibarua nje. Inamtaka aliyeumia amjulishe mwajiri wake, kwa maandishi au kwa mdomo. Inamtaka mwajiri ampelekee taarifa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika siku saba. Na dai lenyewe lisipite miezi 12 tangu siku ya ajali. Aliyelemaa kabisa na kwa kudumu hustahiki fidia ya mapato ya miezi 96, kiasi ambacho kwa mtu wa kima cha chini ndicho kinachotenga nyumba yenye duka dogo na nyumba yenye madeni. Mara nyingi linalotukia ni kwamba msimamizi humpa majeruhi fedha za dawa na neno la upole, naye kwa staha na kwa kutumaini kuitwa tena akipona, hunyamaza hata mwaka ukapita. Upole ule simlaumu mtu kwao. Bali majeruhi ajulishwe kwamba kupokea fedha za dawa hakumwondolei haki ya kuandikisha ajali yake.

Mabaharia wana kinga yao mbali. Kenya iliridhia Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 mnamo mwaka 2014, na tangu Januari 2017 meli zinazohusika hutakiwa kuwa na dhamana ya fedha kwa mabaharia waliotelekezwa, ikiwemo mishahara ya hadi miezi minne. Mkataba huo, kwa bahati mbaya, hauzihusu meli za uvuvi, na kijana wa Liwatoni apandaye chombo cha kuvulia jodari asidhani kwamba umemkinga.

Lipo kundi ambalo hofu huliumiza kuliko sheria, nalo ni la watu wenye ulemavu watafutao kazi. Wengi huamini kwamba wakiajiriwa tu hunyang'anywa kila msaada, hivyo ama hukataa kazi ya mkataba wakabaki katika uchuuzi, ama huikubali kazi wakaificha hali yao. Ukweli ni kinyume. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003, ambayo mwaka 2025 ilipokewa na sheria mpya, iliweka msamaha wa kodi ya mapato kwa yule mwenye ulemavu anayefanya kazi, hadi mshahara wa shilingi 150,000 kwa mwezi. Asiye na mapato hana cha kusamehewa. Sharti akaguliwe katika hospitali iliyoidhinishwa, aandikishwe na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, kisha aombe hati ya msamaha kwa Mamlaka ya Mapato, na hati hiyo ina muda wake wa kuhuishwa. Baraza hilo hilo hutoa msaada wa vifaa vya kazi, mathalani cherehani kwa fundi, au kiti cha magurudumu kwa asiyeweza kuifikia kazi bila ya hicho. Nimekutana na watu walioajiriwa muda mrefu wakikatwa kodi kamili kila mwezi, kwa kuwa hapana aliyewaambia siku ya kwanza kazini kwamba wanastahiki kusamehewa.

Kwa nini hatudai? Katika mji huu msaada ulitangulia serikali: wakfu wa nyumba na visima, zaka itolewayo kimya kimya, na sadaka ya Ijumaa. Ni desturi njema, lakini imetufunza kwamba apokeaye ni fukara na kwamba mwenye heshima husubiri kupewa. Mtu akaipeleka adabu hiyo hata katika ofisi ya NSSF, akaona haya kuuliza fedha zilizokatwa katika ujira wake mwenyewe. Haya hiyo si yetu peke yetu. Uingereza, nchi yenye ofisi za ustawi tangu vita vikuu vya pili, takriban mzee mmoja katika kila watatu wanaostahiki nyongeza ya pensheni kwa wenye kipato kidogo haichukui. Kwa hiyo wanaodhani kwamba tatizo ni ujinga wa watu wa pwani wametafuta mahali pasipo.

Na kilichokwisha kuachwa hakikupotea chote. Sheria ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa ya 2011 imeweka kwamba mishahara isiyochukuliwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na amana za benki zisizoguswa kwa miaka mitano, zihamishwe kwa mamlaka maalumu izihifadhi kwa niaba ya mwenyewe, naye au warithi wake waweza kuzidai baadaye. Aliyefanya kazi katika kampuni iliyofungwa, au aliyefiwa na mzazi aliyekuwa na kitabu cha benki, aanzie kuuliza huko, naye asikubali kumlipa wakala wa mtaani ajidaiye kuwa na mlango wa siri.

Lakini mzigo wa kuuliza usibaki kwa mnyonge daima. NSSF ina namba ya kitambulisho cha mwanachama. Msajili wa vifo anayo namba hiyo hiyo. Na Mamlaka ya Mapato inajua nani ameanza kulipwa mshahara mwezi huu. Lau ofisi hizi zingesemezana, mjane angeletewa barua kabla hajamaliza eda, na mwenye ulemavu angeelezwa habari ya msamaha katika mshahara wake wa kwanza. Hadi hapo, viongozi wa wavuvi na vyama vya wafanyakazi pale Liwatoni wanaweza kufanya jambo moja lisilohitaji bunge wala bajeti: kuwaomba makarani wa NSSF na wa Idara ya Kazi waje na madaftari yao siku ya malipo, wakae penye kivuli karibu na lango, na kila atokaye na ujira wake alinganishe jina lake na lile lililoandikwa.