Je, Wajua? Hema Bila Kiingilio

Je, wajua kwamba idara ya serikali ya Marekani inayosimamia ardhi ya umma, ambayo wenyewe huiita BLM kwa kifupi, ina takriban ekari milioni 245 mikononi mwake? Ukiziunganisha zinaipita Tanzania yote kwa ukubwa, Bara na Visiwani. Na katika sehemu kubwa ya ardhi hiyo, mwenyeji au mgeni, tajiri au kibarua, anaruhusiwa kuingia, kusimika hema na kulala bila kulipa hata senti moja.

Je, wajua kwamba Shirika la Misitu la nchi hiyo, lililoanzishwa mwaka 1905, nalo lina ekari milioni 193, eneo linaloishinda Kenya? Ndani yake mna misitu ya taifa 154, na mingi inaruhusu kile tutakachokiita hapa kambi huria. Huko hakuna viwanja vyenye namba. Hakuna bomba, choo, meza wala pipa la taka. Unakwenda na kila kitu chako na unarudi nacho chote, takataka zikiwemo.

Je, wajua kwa nini ardhi hiyo imejaa magharibi? Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 akikubali kuzilima, na walowezi walianza na mabonde yenye maji. Majangwa na milima mikavu havikupata wa kuvitaka. Mwaka 1976 sheria nyingine ikaamua kwamba kilichobaki kikae mikononi mwa umma. Ndiyo maana serikali kuu inamiliki kama asilimia 80 ya jimbo la Nevada, lakini haifikishi hata asilimia 1 ya Connecticut. Ila tusisahau kwamba ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe kabla ya mlowezi yeyote kuja. Ukiokota kigae cha chungu cha kale na kukitia mfukoni umevunja sheria ya mwaka 1979, na umemwibia mtu historia ya babu zake. Kitazame, kipige picha, kiache palepale.

Je, wajua kwamba rangi tu za ramani zinaweza kukuambia pa kulala? Katika ramani za BLM, manjano ni ardhi yao wenyewe na kijani ni misitu ya taifa: hapo una matumaini. Nyeupe ni mali ya mtu binafsi, usikanyage bila ruhusa. Buluu ni ardhi ya jimbo, na hiyo ina masharti yake. Arizona, kwa mfano, hudai kibali. Hifadhi za taifa zina zambarau, na humo kulala nje ya viwanja vilivyopangwa kunahitaji kibali. Lakini hifadhi nyingi zina msitu wa taifa jirani. Viwanja vya Grand Canyon vikijaa, msitu wa Kaibab unaopakana na hifadhi hiyo una nafasi za bure katikati ya miti ya misonobari, mwendo mfupi tu kutoka langoni.

Je, wajua kwamba Shirika la Misitu hutoa bure ramani ya barabara zote ambazo gari linaruhusiwa kupita? Haivutii macho, ni nyeusi na nyeupe, lakini kwa mpiga kambi ina thamani kuliko picha elfu za mitandaoni. Vitone vidogo vilivyopangwa kandokando ya barabara vinaonyesha mahali unapoweza kutoa gari njiani ili upige kambi, na jedwali lake linataja umbali unaoruhusiwa. Ipakue kwenye simu ukiwa bado mjini. Kipokezi cha GPS cha simu hufanya kazi hata mtandao ukikatika, kwa sababu kinapokea mawimbi ya setilaiti na hakihitaji mnara.

Ukishaingia msituni, tafuta mahali palipokwisha kulaliwa: ardhi tupu iliyoshindiliwa, duara la mawe lenye majivu ya zamani. Usifyeke pahali papya. Kusini mwa Utah udongo una ganda jeusi lenye vinundu ambalo watu wengi hulidhani uchafu, kumbe ni jamii ya viumbe hai inayozuia mchanga usipeperushwe. Unyayo mmoja hulivunja, na kupona kwake huchukua miaka mingi.

Je, wajua kwamba mojawapo ya maeneo ya bure ya BLM lina jina la haji? Hii ndiyo habari ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1856 jeshi la Marekani lilishusha ngamia katika pwani ya Texas, likitaka kuwajaribu kama wanyama wa mizigo katika majangwa ya magharibi. Pamoja nao walikuja watunza ngamia kutoka dola ya Waosmani, na mmoja wao aliitwa Haji Ali. Jina ambalo mtoto yeyote wa Lamu au Unguja angelitamka bila kujikwaa liliwashinda askari, wakaligeuza kuwa Hi Jolly. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861 mradi ukafa, na ngamia wengine waliuzwa, wengine wakaachwa nyikani. Haji Ali alibaki huko huko hadi alipofariki mwaka 1902 katika mji wa Quartzsite, Arizona. Mwaka 1935 kaburi lake lilijengewa piramidi ya mawe yenye sanamu ya ngamia kileleni, nayo ipo hadi leo. Kaskazini kidogo ya mji, eneo la kambi liitwalo Hi Jolly linakukaribisha ulale siku 14 bila malipo.

Siku hizo 14 ndizo kikomo cha kawaida katika ardhi ya BLM, ndani ya kipindi cha siku 28. Zikiisha unahama. Misitu ina hesabu zake, kila mmoja na yake.

Je, wajua kwamba neno la Kimarekani la kulala porini na gari bila huduma yoyote, boondocking, lina asili ya Ufilipino? Katika Kitagalogi bundok ni mlima. Askari wa Kimarekani walilibeba neno hilo kutoka vita vya huko. Kiingereza kilikuja kwetu pia, kikachukua neno safari.

Je, wajua kwamba korongo kavu ni kitanda kibaya kuliko vyote? Mchanga wake ni laini na tambarare, unamwita mchovu alale. Lakini mvua ikinyesha milimani, kilomita nyingi kutoka ulipo, maji yanaweza kukufikia huku juu yako kukiwa na nyota tupu. Panda juu kidogo.

Maji ya kunywa weka akiba ya lita 4 kwa mtu kwa siku, na jangwani ongeza. Ya mtoni yachemshe hadi yatokote kwa dakika 1. Ukiwa juu ya mita 2,000 hivi, dakika 3. Choo ni shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, hatua 70 kutoka kwenye maji, njia na kambi. Karibu na mji wa Moab, Utah, hata shimo haliruhusiwi sehemu nyingi: kinyesi unakifunga katika mfuko maalumu na kuondoka nacho. Palikuwa huria, watu wakapachafua, na sasa kando ya barabara nyingi za pale unalala penye alama tu.

Je, wajua kwamba kuni ulizobeba kutoka nyumbani zinaweza kuua msitu? Mbawakawa wa kijani aliyetambuliwa karibu na Detroit mwaka 2002 ameshaua makumi ya mamilioni ya miti iitwayo ash, na mara nyingi husafiri akiwa funza, chini ya gome la kuni za wapiga kambi. Tumia kuni za hapo hapo. Kabla ya kulala mwaga maji, koroga, mwaga tena, hadi majivu yapoe kabisa. Na penye dubu, chakula na dawa ya meno vikae ndani ya gari au kwenye chombo kigumu, kamwe si hemani.

Kwa ndugu zetu wa Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania mnaoishi Boise, Idaho, msitu wa taifa wa Boise uko mlangoni penu. Walio Phoenix, Arizona, wana msitu wa Tonto. Wapelekeni watoto. Chagueni mahali pa saa moja au mbili kutoka nyumbani, mfike kabla ya jua kuzama, na mwachieni mtu jina la barabara mtakayolala kando yake na siku ya kurudi. Kabla ya kufunga mizigo pigeni simu ofisi ya msitu, mwulize kama barabara iko wazi, kama moto unaruhusiwa, na mnaweza kukaa siku ngapi. Ofisi nyingi hufungwa wikendi, kwa hiyo pigeni Alhamisi.