Ngoma Juu ya Kinywa

Yeyote aliyewahi kuingia duka la vyombo katika miji yetu hii ameiona: alama nyekundu ya mistari iliyonyooka, pacha wawili wamesimama bega kwa bega, imechorwa kwenye sinia, beseni au chupa ya chai. Tumepakulia wali juu yake na kunawa mikono ndani yake, aghalabu bila kujua kuwa tunalitazama neno.

Huko Malava, kaskazini ya mji wa Kakamega, katika nchi ya Wakabrasi, alama hiyo ilizua mjadala mbele ya macho yangu. Zawadi za bibi harusi zilikuwa zikipokewa, na baina ya mablanketi na sufuria likatokea sinia jipya lenye pacha hao. Shangazi yake bibi harusi akaliweka kando.

"Maandishi nisiyojua yasemayo," alisema, "hayalali nyumbani kwa mtoto wangu."

Sinia likaletwa kwangu, ati kwa kuwa mimi ni mtu wa pwani na nimesoma chuoni! Msomaji na acheke, lakini mama yule alikuwa na haki ya kuuliza. Sisi tulioandikiwa kombe kwa zafarani ndani ya sahani, tukaambiwa tunywe, twajua vyema kuwa maandishi ya chomboni si mapambo tu.

Neno lenyewe ni la Kichina, hutamkwa karibu na "shi", na maana yake ni furaha. Herufi zetu za Kiarabu kila moja hubeba sauti. Alama ya Kichina hubeba neno. Mwanachuoni Xu Shen, aliyekamilisha kamusi yake mashuhuri mnamo mwaka 100 baada ya kuzaliwa Nabii Isa, aliigawa alama hii vipande viwili: juu ngoma, chini kinywa. Ngoma ipigwe, vinywa vifunguke. Hiyo ndiyo furaha. Nayo ni kongwe kuliko kamusi hiyo, kwani imo katika maandishi yaliyochongwa juu ya mifupa na magamba ya kobe zaidi ya miaka 3,000 iliyopita.

Nilipofika kwenye ngoma na kinywa, shangazi hakuningoja nimalize. "Kumbe ni isukuti," akasema, na sinia likarudi penye zawadi.

Kwa nini basi iandikwe mara mbili? Washairi twaijua takriri na kazi yake. Katika maandishi ya kawaida Wachina hutumia moja. Pacha ni wa harusi, wa kubandikwa milangoni na kuchorwa kwenye taa na vyombo, kwa kuwa furaha ni ya upande wa bwana na ya upande wa bibi. Iko pia hadithi ya Wang Anshi, aliyeishi kati ya 1021 na 1086, kwamba siku ya harusi yake ililetwa habari ya kufaulu mtihani wa serikali, akaandika furaha juu ya furaha. Hadithi tamu, na mimi naichukua kama hadithi.

Mwanamke mja mzito huko husemwa kuwa "ana furaha", jambo ambalo naona lingefaa kuazimwa. Peremende wapewazo wageni arusini ni "peremende za furaha".

Lililonigusa zaidi ni matumizi mengine. Akifariki mzee aliyekula chumvi nyingi, akaacha wana na wajukuu, Wachina huyaita maziko yake "maziko ya furaha", kwa neno hilo hilo la ngoma na kinywa. Na isukuti nayo, ambayo kwa jina la Waisukha na Waidakho wa kusini ya Kakamega iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, si ya harusi peke yake. Hupigwa mtoto anapozaliwa, hupigwa jandoni, na hupigwa matangani.