Mkaa Utaupata, Modo Je?

Mtu wa Madibira anayetaka kujifunza kuchora watu kwa mkaa huanza kwa kuuliza bei ya mkaa, kumbe hicho ndicho kitu rahisi kuliko vyote katika shughuli hii. Kilicho ghali ni utulivu wa mtu mwingine.

Tumalize ya mkaa kwanza. Ule wa gunia usiutegemee. Miti yake migumu hukwaruza karatasi na kuacha kijivu kisicho na uhai. Wa wachoraji, unaouzwa mijini, uko namna mbili. Wa vijiti ni mwepesi na ukikosea unapangusa kwa kitambaa. Wa kushindiliwa ni unga uliogandishwa kwa gundi, mweusi tii, na ukishagusa karatasi haubanduki kirahisi. Anayeanza nisingemshauri anunue huo wa pili hata kwa punguzo. Wa vijiti anaweza kuutengeneza mwenyewe: vijiti vya mti laini, unene wa penseli, vimenywe maganda na kupangwa kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko, litobolewe tundu moja la msumari, kisha liwekwe motoni. Moshi ukikoma kutoka tunduni, kopo litolewe na liachwe lipoe lenyewe. Ukilifungua likiwa la moto, vijiti vinashika moto na unabaki na majivu.

Karatasi nyeupe ya kudurufu inateleza na mkaa haushiki vizuri. Manila ni imara, lakini kwa mazoezi ni kupoteza hela. Kura yangu naipa kaki. Kwanza ina mkwaruzo kidogo. Pili rangi yake ya udongo inakupa kivuli cha kati bure, ukabaki kuweka giza kwa mkaa na mwanga kwa chaki ya ubaoni. Na hapa hatuko mbali na chimbuko lake: karatasi hiyo hutengenezwa kule Mgololo, Mufindi. Mfuko wa saruji wa karatasi (si ule wa nailoni) ukikung'utwa vizuri, tabaka la ndani linafaa kabisa.

Sasa modo. Tuseme umetenga shilingi 30,000 kwa mwezi. Mimi ningetumia 6,000 kwa kaki na chaki, na 24,000 zote nimlipe mtu akae saa nne, 6,000 kwa saa. Kipimo cha haki ni kibarua cha shambani: asipate pungufu ya ambacho angekipata kwa muda huohuo akipalilia mpunga, maana kukaa bila kutikisika ni kazi, muulize mgongo wake. Saa yenyewe igawe: mikao 10 ya dakika moja moja, minne ya dakika tano, mmoja wa dakika 20, na dakika 10 za kunyoosha miguu. Akae na nguo zake. Vyuo vya Ulaya viliweka watu uchi, ila kijijini kanga iliyofungwa kiunoni inakufundisha uzito wa mwili bila kumgombanisha mtu na wakwe zake.

Njia ya pili ni zamu. Wanne mkikubaliana, kila mmoja hukaa saa moja na kuchora tatu, bila kutoa senti. Dosari yake ni kwamba marafiki hucheka, na asiyelipwa hatoki kitandani Jumapili asubuhi.

Picha ya simu ndiyo wengi wanayoikimbilia. Naiona hasara: kamera imeshakuamulia mwanga na imeshaubapaza mwili, kwa hiyo unajifunza kunakili picha. Bora kioo cha fundi cherehani na sura yako mwenyewe.

Wapo watakaosema mchoraji hahitaji modo. Wana hoja. Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro, alisoma Makerere kisha Slade ya London, shule iliyosifika kwa kuchora watu hai, lakini maisha ya kijiji chake aliendelea kuyachora kutoka kichwani. Ila kichwa chake kilikuwa kimeshaona mengi.

Hata hivyo nafasi ya kwanza naipa saluni ya kusuka. Anayesukwa rasta hukaa saa kadhaa, shingo imeinama, na akigeuka anavutwa nywele: modo gani mwingine mwenye msimamizi? Omba ruhusa kwa wote wawili, kaa pembeni usizibe mlango, na mchoro mmoja mwachie mwenyewe. Wacheza bao wanafuata kwa karibu, ingawa mikono yao haitulii.

Panga na kalenda ya mpunga pia. Wakati wa mavuno vibarua wanagombewa, na 6,000 zako zitachekwa. Lakini hela ya mpunga ikishaingia mifukoni, saluni hujaa kuanzia asubuhi.