Je, Wajua? Hukumu ya askari iko mikononi mwa mchezaji

Je, wajua kuwa Dragon Age: Inquisition, mchezo wa kompyuta uliotolewa mwaka 2014 na kampuni ya BioWare ya Kanada, humkabidhi mchezaji kesi nzito ya kuamua?

Washtakiwa ni Grey Wardens, askari wanaokunywa damu ya mazimwi ili wapate uwezo wa kupambana nayo. Wapo wanaokufa papo hapo. Wanaonusurika hubaki na sumu mwilini, na baada ya miaka mingi husikia wito kichwani: kifo kimekaribia. Adui aitwaye Corypheus anauiga wito huo, nao wanausikia wote kwa pamoja. Kwa kuhofu kwamba watakwisha na dunia ibaki bila mlinzi, wanakubali kumwaga damu ya wenzao ili waite mashetani wawe jeshi lao. Kamanda Clarel anamkata koo askari wake mwenyewe, wengine wakitazama.

Ngome yao ya Adamant ikishaanguka, mchezaji huamua: awafukuze waliosalia, au awabakize wapigane upande wake?

Wanatia huruma, maana walidanganywa. Lakini ni hatari vilevile, kwa kuwa Corypheus bado anaweza kuzichezea akili zao. Hata wandani wa mchezaji hawaafikiani. Solas hukasirika wakibakizwa. Blackwall huumia wakifukuzwa.

Mchezo huu ulitwaa tuzo ya mchezo bora wa mwaka katika The Game Awards za 2014, na uliistahili.