"Dull": Kilicho Butu ni Kitabu au Msomaji?

Wahakiki wenzangu, tumelizoea mno neno "dull". Riwaya ikitushinda kumaliza, basi, ni "dull", kesi imekwisha. Lakini Waingereza wenyewe hawakuanza na kitabu. Walianza na mtu.

Neno hili lina undugu na "dol" la Kiingereza cha Kale, yaani mpumbavu, na "toll" la Kijerumani, ambalo zamani lilimaanisha mwenye wazimu. Leo Mjerumani akisema "toll" anasifu. Maneno nayo hugeuka! Kwa Waingereza maana ilitambaa: kisu kisichokata, rangi iliyofifia, siku ya mawingu. Maana ya kuchosha ilikuja nyuma ya ile ya upumbavu.

Katika Love's Labour's Lost, tamthilia iliyochapishwa mwaka 1598, Shakespeare alimpa konstebo mzito wa kuelewa jina la Dull. Alexander Pope naye, katika The Dunciad ya mwaka 1728, aliufanya "Dulness" mungu wa kike wa waandishi wabovu. Alichokishambulia ni uzito wa akili, si usingizi wa msomaji tu.

Kiswahili hutenganisha mambo haya: akili butu, mchuzi chapwa, rangi iliyofifia, hadithi inayochosha. Tukisema "dull" tu, tunamficha mwandishi kosa lake. Je, msuko umedorora? Wahusika hawana uhai? Lugha ni chapwa? Au ni sisi tuliosoma huku tunasinzia? Tuseme wazi, jamani. Mwandishi hawezi kunoa asipoonyeshwa palipo butu.