Kuchakata Mafaili Teule kwa Mkupuo: Mfano wa Picha za Miswada ya Kiswahili katika Hati za Kiarabu

Utangulizi

Miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu imehifadhiwa katika maktaba kadhaa, zikiwamo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ya SOAS jijini London. Mradi wa kupiga picha miswada ya aina hiyo huweza kuzalisha maelfu ya mafaili ya TIFF, ambayo ni mazito mno kusambazwa mtandaoni, hivyo hulazimu kutengeneza nakala nyepesi za JPEG. Kazi hiyo ikifanywa kwa kufungua faili mojamoja huchukua muda mrefu, wala mtafiti mwingine hawezi kuikagua. Makala hii inaeleza namna ya kuifanya kwa mkupuo kwa amri za maandishi, na inatoa hoja kwamba uteuzi na uthibitishaji wa mafaili vinahitaji uangalifu kuliko ugeuzaji wenyewe.

Uteuzi

Katika mfumo wa Linux, programu ya find hutafuta mafaili kwa kufuata sifa zake, kama vile jina, ukubwa na tarehe. Tuchukulie kwamba picha zimo katika kabrasha la "asili", na zinazotakiwa ni zile zinazozidi megabaiti 20:

find asili -type f -iname '*.tif' -size +20M

Amri hii haibadilishi chochote; huorodhesha tu. Kielekezi -iname hupuuza tofauti ya herufi kubwa na ndogo, kwa kuwa baadhi ya skana huandika TIF na nyingine tif. Hata hivyo, mafaili yanayoishia na tiff huachwa nje bila onyo. Kwa sababu hiyo, orodha haina budi kulinganishwa na daftari la miswada kabla ya kuendelea.

Ugeuzaji

Orodha ikikubalika, amri ileile huongezewa mogrify, programu iliyomo katika ImageMagick:

find asili -type f -iname '*.tif' -size +20M -exec mogrify -path nakala -format jpg -resize '2000x2000>' -quality 85 {} +

Mambo matatu yazingatiwe. Kwanza, mogrify ikiachwa bila vielekezi -path na -format huandika juu ya faili la asili. Vielekezi hivyo huyapeleka matokeo katika kabrasha la "nakala", ambalo sharti liundwe mapema. Pili, matokeo yote huwekwa katika kabrasha moja. Iwapo miswada miwili ina faili liitwalo ukurasa_001.tif, itabaki picha moja tu, na kompyuta haitatoa onyo. Kwa hiyo jina la kila faili libebe namba ya mswada. Tatu, alama ya > huagiza kupunguza picha kubwa tu. Alama za nukuu zikisahauliwa, kompyuta huichukulia kuwa agizo la kuandika matokeo katika faili jingine.

Uthibitishaji

Idadi ya nakala ikilingana na ya orodha, hiyo ni hatua ya kwanza tu. Katika hati za Kiarabu, herufi ba ina nukta moja chini, ta ina mbili juu, na tha ina tatu juu. JPEG hupunguza uzito wa faili kwa kutupa sehemu ya taarifa za picha, na nukta ya wino uliofifia huweza kupotea. Mhariri anayetegemea nakala hiyo atasoma neno jingine. Hivyo basi, sampuli ya kurasa, hasa zilizofifia, ilinganishwe na asili kwa macho. Aidha, programu ya sha256sum hutoa utambulisho wa herufi na tarakimu 64 kwa kila faili. Utambulisho uliochukuliwa kabla na baada ya kazi ukilingana, ni ushahidi kwamba asili haikuguswa.

Hitimisho

Amri iliyotumika ni sehemu ya mbinu ya utafiti, kwani hubainisha kilichoteuliwa na kilichoachwa. Inapendekezwa kwamba sera za uhifadhi wa kidijitali zidai mambo matatu: mafaili ya asili yawe ya kusomwa tu, orodha, amri na utambulisho vihifadhiwe pamoja na picha, na uhariri wa matini ufanywe kwa kutumia TIFF, nakala nyepesi zikibaki kwa ajili ya kuvinjari. Masharti haya hayahitaji programu ya kununuliwa, bali utaratibu uliokubaliwa kabla ya amri ya kwanza kutolewa.