Gari likichemsha, tafuta kwanza maji yanakopotelea

Wamiliki wengi wa magari yaliyotumika kwa miaka mingi huongeza maji kwenye rejeta kila asubuhi na kuona tatizo limekwisha. Hata hivyo, mfumo wa kupoza injini hufungwa. Maji yakipungua kila siku, ni lazima yanapenya mahali.

Uchunguzi ufanywe gari likiwa limepoa. Maji ya rejeta huwa katika shinikizo na yanaweza kupita nyuzi joto 100 bila kuchemka. Anayefungua mfuniko injini ikiwa na moto huweza kuungua vibaya.

Kwanza, tandika boksi kavu chini ya injini usiku. Likilowa, kagua rejeta, mipira yake na pampu ya maji.

Likibaki kavu, huenda maji yanaingia ndani ya injini. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, mapovu kwenye rejeta, au oili yenye rangi ya maziwa ni dalili kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua.

Iwapo maji hayapungui lakini gari huchemsha kwenye foleni tu, shuku feni. Likichemsha katika mwendo kasi, rejeta huenda imeziba, au themostati haifunguki vizuri.

Mshale wa joto ukipanda, simama na uzime injini. Gasketi ikibadilishwa mapema, silinda hedi huweza kupona. Ukiendelea kuongeza maji na kuendesha, utakuja kununua injini nzima.